Yai Halikunuka

Bakari alianza kutokuwepo siku ya Maulidi, akiwa bado hai.

Vijana wa kaswida walikuwa wamepanga mstari uwanjani, kanzu nyeupe, kipaza sauti kimeshawashwa. Nafasi ya katikati ilikuwa wazi. Ilikuwa yake. Ustadhi alitazama saa, akatazama njia, mwishowe akatuma mtu. Mtu akarudi peke yake.

"Bakari yuko chooni," akasema. "Anasema anzeni tu."

Watu walicheka. Mwimbaji kushikwa na tumbo siku ya siku, nani asingecheka?

Kaswida ikaanza bila yeye. Siku chache baadaye Bakari, mume wangu, alifia hospitali mjini Mtwara, midomo imesinyaa kama bibo la korosho lililoachwa juani. Ile sauti iliyokuwa ikisikika mpaka mashamba ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imebaki mnong'ono. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa "maji".

Wiki iliyopita niliishia pale mama mkwe wangu, Bi Tatu, alipomtupia jirani yetu Celia sufuria lake mbele ya waombolezaji. Kwa anayeanza nami leo, habari yenyewe ni fupi. Usiku wa kuamkia Maulidi, Celia alituletea kisamvu cha karanga. Nilikula mimi. Alikula binti yangu Asia. Alikula Celia na wanawe, sufuria hilo hilo. Aliyeumwa ni Bakari peke yake.

Lakini baba yake Celia alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na kwa mama mkwe hilo lilitosha. "Wa ng'ambo ameniulia mwanangu," alisema. Nyumba ya Celia imesimama ndani ya mikorosho ya ukoo wa mume wangu hapa Mpapura. Basi ikaamuliwa: hitima ya arobaini ikipita, Celia awe amehama.

Hakuna aliyeniuliza. Mimi nimekaa eda. Mjane wa eda anavaa nguo nyeupe, anakaa chumbani, anavuta tasbihi na kusikiliza watu wakiongea upande wa pili wa pazia.

Nilisikiliza. Na wiki hii nilisikia.

*

Ilikuwa asubuhi, hitima imekaribia. Nyumbani tulibaki mimi, Asia na mama mkwe tu, kwa sababu korosho zilikuwa zinadondoka na kila mwenye mikono alikuwa shambani anaokota. Pikipiki ikasimama uani.

"Hodi wenyewe!"

Nilimjua kwa sauti. Omari, kaka yake Bakari, yule anayekaa Rahaleo mjini.

"Karibu baba," akajibu mama mkwe. "Alaa! Mzigo gani wote huo?"

"Mayai, mama. Trei nne. Pilau la hitima lisilo na yai, watu watasema tulimzika bahili."

Mama mkwe akacheka. Kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

"Ya kienyeji?"

"Kienyeji hai. Kama yale niliyomletea marehemu kwa ajili ya sauti."

Hapo nieleze. Waimbaji wetu wanaamini yai bichi la kienyeji linafungua koo. La kuku wa kisasa hapana, wanasema halina nguvu. Lazima liwe la kienyeji, dogo, ganda la rangi ya maziwa. Wiki nzima ya Maulidi, kila alfajiri, Bakari alikuwa anapasua yai, anainua kichwa, anameza, kisha anajaribu sauti uani mpaka majogoo wanamjibu. Mayai alipewa zawadi na kaka yake.

"Lakini mengi hivi umeyatoa wapi?" mama mkwe akauliza. "Kuku wa Mpapura nzima hawatagi hivi."

"Mama, mimi sisubiri kuku. Mimi nina mashine ya vifaranga." Akavuta kiti. Omari akianza kusifia mashine yake hukaa kabisa. "Naweka humo mayai ya kuku chotara, huwezi kuyatofautisha na ya kienyeji, yapate joto wiki nzima, zaidi kidogo. Halafu naingia na taa, namulika moja moja. Lenye kifaranga unaona mishipa kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Hilo halitatotoa kamwe, nalitoa."

"Unalitupa."

"Nitupe? Mimi mwendawazimu? Nalipangusa kwa kitambaa cha maji, nalipaka mafuta kidogo, linakuwa kama limetagwa leo. Wa chipsi wananigombania. Yai ni yai, mama."

"Si litakuwa limeharibika?"

"Lingeharibika lingenuka! Umewahi kuona yai viza lisilonuka?"

Mama mkwe akasema hajawahi. Wakacheka wote wawili.

Tasbihi ilisimama mkononi mwangu.

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Sikufika mbali, lakini mwalimu wetu wa biolojia alitufundisha jambo moja ambalo halijanitoka: joto linalolea kifaranga linalea pia vijidudu. Joto halichagui. Na vijidudu vingine havina harufu, havina rangi, havina ladha. Vinakaa kwenye ute vikisubiri mtu.

Wiki nzima kwenye joto. Kisha akayapangusa kwa kitambaa kimoja kichafu, yote. Kisha akamletea mdogo wake, ayameze mabichi.

Nilikuwa bado nawaza hayo mama mkwe alipoita.

"Asia! Asia mjukuu wangu, njoo. Ustadhi kasema utasimama mahali pa baba yako siku ya hitima. Koo limekauka kwa kulia. Njoo umeze yai la baba mkubwa, ufungue sauti."

Nikasikia kandambili za mwanangu zikikimbia barazani.

Nilipenya pazia.

*

"Asia, weka chini."

Yai lilikuwa tayari mkononi mwake. Alinitazama mimi, akamtazama bibi yake.

"Mama Asia!" Mama mkwe alisimama. "Eda hiyo! Unatoka mbele ya shemeji yako?"

"Nimejifunika, mama. Asia, mpe bibi yai, uende kucheza."

"Kuna nini?" Omari akauliza. Alikuwa anatabasamu bado.

"Yai hili limetoka kwenye mashine?"

"Kumbe ulikuwa unasikiliza. Ndiyo, limetoka kwenye mashine. Kwani mashine ina pepo?"

"Na yale ya Bakari?"

Tabasamu likaondoka.

"Angalia unachotaka kusema, shemeji."

"Nauliza tu. Yale ya Bakari yalitoka wapi?"

"Bakari aliuawa na chakula cha yule mwanamke. Kijiji kizima kinajua."

"Kisamvu nilikula mimi. Mayai alikula yeye peke yake."

Mama mkwe alipiga kofi mapajani. "Astaghafirullah! Unamwambia mwanangu amemuua mwanangu?"

Nilichukua yai kutoka mkononi mwa Asia, nikamnyooshea Omari.

"Limeze, shemeji."

"Ati?"

"Hakuna ubaya. Yai ni yai. Limeze hapa, niombe radhi, nirudi ndani."

"Mimi situmii mayai mabichi. Mimi siimbi."

"Basi nitalichemsha sasa hivi. Au nimpigie simu Helena, aniambie yeye huwa anayapikaje haya." Helena ni mke wake.

"Muache Helena! Nyumbani kwangu hatuli ya mashine!"

Lilimtoka kabla hajalishika.

Jogoo wa jirani aliwika, akanyamaza. Hata Asia alielewa. Omari alikuwa anatazama viatu vyake kama vimebadilika miguuni.

"Hamli," nikasema. "Bakari ndiye wa kula."

Nimekuwa mtu mpole maisha yangu yote. Bakari alikuwa akinitania kwamba hata nikiitwa kuzima moto nitabisha hodi. Siku ile nilitamani kumpasulia trei zote nne kichwani, moja baada ya nyingine, taratibu.

Sikupata nafasi. Mama mkwe alininyang'anya yai.

Aliligonga kwenye ukingo wa kiti. Akainua kichwa kama alivyokuwa akifanya mwanawe. Akalimeza, ute na kiini, akafuta midomo kwa upande wa kanga.

"Limeshuka," akasema. "Hao wawili nimezaa mimi. Tumbo moja. Mmoja hawezi kumuua mwenzake. Nimelimeza, na nitaamka kesho, na wewe utakaa eda yako kimya."

Niliokota ganda. Nikalinusa.

Halikunuka. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Laiti lingenuka!

*

Kesho yake aliamka.

Tena aliamka mapema. Alifagia uwanja wote, mbele na nyuma, akiimba. Alipofika karibu na dirisha langu alifagia mara mbili.

"Yule msomi wa kidato cha nne yuko wapi?" aliuliza ukuta. "Mimi hapa! Mwambieni mzee wa watu yuko hai na ana njaa!"

Akamtuma Asia kwa Celia na ujumbe: aanze kufunga mizigo, hitima isimkute.

Celia alikuja mlango wa uani, mikono imejaa utomvu wa mabibo. Hakulia. Celia akikasirika huwa anatania.

"Mama Asia, nisaidie. Nimeambiwa nirudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa hapa, kitovu changu kimezikwa kwenye mkorosho ule pale. Au nikakae Ruvuma na viboko? Maana viboko nao hawajulikani ni wa upande gani."

Nilimweleza habari ya mashine. Alichuchumaa kusikiliza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Siku ile hospitali, daktari hakuuliza amekula nini?"

Aliuliza.

Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimekataa kukumbuka. Daktari alisimama miguuni pa kitanda cha Bakari akauliza amekula nini: nyama, maziwa, yai? Alilitaja yai kwa mdomo wake. Kabla sijafungua kinywa, Omari alijibu: "Kisamvu. Cha jirani."

Sijui kama alijua. Najua alijibu haraka.

"Basi mumeo kazikwa na jina langu," Celia akasema. Akanyanyuka, akaenda kufunga mizigo.

*

Alasiri, ufagio ulianguka.

Mama mkwe alikuwa ameinama kando ya jiko, mkono mmoja tumboni. Akanyooka. Akainama tena.

Niliahidi kusema yote katika hadithi hii, kwa hiyo nakiri na hili. Aliposhika tumbo, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilisema kimoyomoyo: sasa utajua. Furaha ile ilidumu kiasi cha kumeza mate. Kisha alitapika, na nikaona macho yake, yalikuwa macho ya Bakari.

Mpaka jua linapungua alikuwa ameenda chooni mara zisizohesabika. Mwili ulikuwa moto, miguu baridi. Nilimpigia simu Omari, akaja na pikipiki, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba amwite ustadhi aandike kombe, zile aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa.

"Bakari alikunywa kombe siku mbili nzima," nikamwambia. "Tukamfikisha hospitali amekauka. Mama anaondoka sasa."

"Mama ni mzee, ni tumbo tu la kawaida."

"Ndiyo maana anaondoka sasa."

Aliyeleta bajaji ni Celia. Alikuwa ameacha mizigo yake mlangoni, amekimbia mpaka barabarani. Alikuja pia na jagi la maji aliyoyachemsha, ameyatia sukari na chumvi kidogo. Alikaa chini, akamlaza mama mkwe mapajani, akawa anamnywesha kwa kijiko.

Mama mkwe alifumbua macho, akamwona ni nani. Nilidhani atatema.

Akanywa.

"Taratibu, bibi," Celia akamwambia. "Hili ni kombe la Kimakonde. Halina maandishi."

Nilikwenda chumbani, nikavaa viatu. Nilikuwa sijavaa viatu tangu tuzike.

Omari alisimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Umo kwenye eda. Ukivuka kizingiti hicho, usirudi kwenye nyumba ya ukoo huu."

"Dini inamruhusu mjane kutoka kwa dharura. Anayenikataza ni wewe, na najua kwa nini. Unataka ukajibu wewe tena."

Alinipisha. Labda kwa sababu mwenye bajaji alikuwa anatazama.

*

Njiani mama mkwe alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kama vijiti. Bajaji ilikuwa ikiruka kwenye mashimo, na Omari akitufuata nyuma na pikipiki.

"Mama Asia."

"Naam, mama."

"Wakikuuliza, sema kisamvu."

Nilidhani homa ndiyo inayoongea.

"Celia hajakuletea kisamvu tangu ulipomtupia sufuria, mama."

"Sema tu. Wewe sema." Alivuta pumzi. "Nilibaki na mmoja."

Hapo nilimwelewa. Hakulimeza yai lile kwa sababu aliamini ni zima. Alilimeza ili liwe zima. Likiwa bovu, basi Ruvuma haikumletea adui yeyote. Adui alitoka tumboni mwake, akaja na zawadi kwenye pikipiki.

Nilimwelewa, na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilikaa pamoja kwenye bajaji ile mpaka mjini.

Wodini daktari alikuwa mwanamke, kijana, miwani imemteleza puani. Alimpima, akaminya ngozi ya mkono wake, ngozi ikabaki imesimama.

"Tumbo la kuhara, homa, kutapika," akasema. "Amekula nini?"

Omari alifungua mdomo.

"Yai," nikasema. "Bichi. Lilikaa wiki nzima kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, likatolewa kwa sababu halina kitu, likapanguswa. Mashine ni ya huyu hapa. Na mume wangu alikula hayo hayo, akafa, na mlipouliza mliambiwa kisamvu."

Daktari alimtazama Omari.

"Ni kweli?"

"Halikunuka," Omari akasema. "Muulize shemeji mwenyewe, alilinusa."

"Baba, wadudu hawa hawanuki." Hakupaza sauti. "Yai linaweza kuwa zuri kwa macho na pua na likamlaza mtu mzima. Na linaweza kumuua asipowahishiwa maji, mtoto au mzee hasa. Bichi ndilo baya zaidi, na chipsi yai inayotolewa motoni kiini bado kinatiririka haina tofauti kubwa. Mengine yako wapi?"

"Yapo nyumbani. Ya hitima."

"Na unauzia nani?"

Mama mkwe alikuwa amefumba macho, lakini chozi lilitoka, likapita pembeni mpaka sikioni. Mwili uliokauka vile, sijui maji ya chozi lile yalitoka wapi.

*

Naandika haya kwenye benchi la wodi.

Mama mkwe ana dripu mkononi. Hajasema neno na mimi tangu jana. Choo chake kimepelekwa maabara, majibu bado. Daktari amesema atatoa taarifa kwa watu wa afya, na kwamba Jumatatu watakwenda kuiona mashine. Leo ni Jumamosi.

Asubuhi Celia alinipigia simu. Asia amelala kwake, amekula uji, ameuliza kama bibi anakufa. Mizigo ya Celia bado iko mlangoni, nusu imefungwa, nusu imefunguliwa.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Shemeji yako alipita hapa mapema na pikipiki. Kachukua mayai."

"Yote?"

"Trei zote nne. Nilimwuliza anayapeleka wapi, akasema anakwenda kuyatupa. Nikamwambia shimo la taka hili hapa. Hakugeuka."

Nimempigia Omari. Simu inaita, haipokelewi.

Chipsi za Rahaleo huanza kukaangwa saa kumi.